Renoir: Mchoraji Aliyeishi na Baridi Yabisi kwa Zaidi ya Miaka 25

Leo tunakuleteeni maisha ya mchoraji mashuhuri wa Ufaransa, Pierre-Auguste Renoir, aliyezaliwa tarehe 25 Februari mwaka 1841 na kufariki dunia tarehe 3 Disemba mwaka 1919. Michoro yake inajulikana duniani kote, lakini si michoro hasa iliyotufanya tumchague. Tumemchagua kwa sababu katika zaidi ya miaka 25 ya mwisho ya umri wake aliishi na ugonjwa wa baridi yabisi, uliomkunja vidole, ukamkakamaza bega na hatimaye ukamwondolea uwezo wa kutembea. Pamoja na hayo yote, aliendelea kufanya kazi kwa mikono yake hadi siku zake za mwisho.

Makala hii inawakusudia zaidi ndugu zetu wazungumzaji wa Kiswahili walioko Ibra, Sur, Nizwa na vijiji vya pambizoni mwake, katika maeneo ya Sharqiyah na Dakhiliyah huko Oman, ambako familia nyingi zina mizizi Zanzibar na mwambao wa Afrika Mashariki. Hiyo ni miji ya kazi za mikono. Nizwa inasifika kwa mafundi wa fedha na majambia, Sur kwa waundaji wa majahazi, na Ibra kwa soko lake la Jumatano ambalo ni soko la wanawake. Fundi anayeamka asubuhi akashindwa kukunja ngumi, au mama anayeshindwa kufungua kifuniko cha chupa, hupoteza riziki na raha ya nyumbani kwa pamoja. Maisha ya Renoir yana mambo mawili ya kumwambia mtu huyo: ni lipi alilolifanya Renoir ambalo hadi leo ni sahihi, na ni lipi alilolikosa ambalo sisi tunalo.

Kabla ya kuanza kisa chenyewe, inafaa tueleze kwa ufupi ugonjwa tunaouzungumzia. Jina baridi yabisi limetokana na maneno ya Kiarabu yenye maana ya baridi na kavu, na linatukumbusha tiba ya kale iliyoamini kuwa mwili huugua pale baridi na ukavu vinapouzidi nguvu. Katika mazungumzo ya kila siku watu hulitumia jina hilo kwa takriban kila maumivu ya viungo vya mwili. Lakini ugonjwa uliompata Renoir, ambao madaktari huuita rumatoidi athraitisi, hausababishwi na baridi. Katika ugonjwa huo kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hukosea na kuushambulia utando wa ndani wa viungo. Utando huo huvimba, na usipotibiwa huila gegedu na mfupa hadi kiungo kikapinda na kukakamaa. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huo, na takriban asilimia 70 kati yao walikuwa wanawake. Ndiyo maana hata mkazi wa Sur, ambako joto la kiangazi huzidi nyuzi 40, anaweza kuupata kama anavyoupata mkazi wa Ulaya kwenye theluji.

Naam, Renoir alizaliwa katika mji wa Limoges, mji uliokuwa mashuhuri kwa vyombo vya kauri. Baba yake alikuwa fundi cherehani na mama yake mshoni. Alipokuwa mdogo familia ilihamia Paris, na akiwa na umri wa miaka 13 aliwekwa kwa fundi ili ajifunze kupamba vyombo vya kauri. Kwa maana hiyo, tokea utotoni alikuwa ni fundi anayeishi kwa jasho la vidole vyake. Mashine zilipoanza kuchukua kazi hiyo, alipamba feni za mkononi na mapazia ya madirisha ili apate pesa ya kula. Mwaka 1862 alianza kusomea uchoraji, na huko akajuana na vijana wenzake akina Claude Monet, Alfred Sisley na Frédéric Bazille. Mwaka 1874 Renoir, Monet na Sisley walishiriki katika maonyesho ya kwanza ya kundi lililokuja kuitwa Waimpreshonisti. Wakati huo wengi waliwacheka, lakini baadaye dunia nzima iliwatambua. Mwaka 1881 na 1882 Renoir alisafiri hadi Algeria, ambako alivutiwa mno na mwanga wa jua na rangi za nchi hiyo ya Kiarabu.

Mwaka 1890 alimuoa Aline Charigot, na wakajaaliwa watoto watatu wa kiume, Pierre, Jean na Claude. Lakini wakati jina lake lilipokuwa likianza kung'ara na hali yake ya kimaisha kutengemaa, ndipo ugonjwa ulipobisha hodi. Wataalamu waliochunguza barua na picha zake wanasema kuwa maumivu ya viungo yalianza mwaka 1892 hivi, alipokuwa na umri wa miaka 50 na ushei. Mwaka 1897 alianguka na baiskeli katika kijiji cha Essoyes, nyumbani kwa mkewe, akavunjika mkono wa kulia, na baada ya hapo maumivu yalizidi kumwandama. Tokea mwaka 1903 hivi ugonjwa ulipamba moto. Vidole vilianza kupinda, vifundo vya mikono vikavimba, bega la kulia likakakamaa, na mwili wake ukakonda sana.

Ni tiba gani aliyoipata? Kwa hakika, ilikuwa ndogo mno. Dawa za zama zake zilikuwa ni za kupunguza maumivu na homa tu, na hakukuwa na hata moja iliyoweza kuuzuia ugonjwa wenyewe. Alikwenda kwenye miji ya chemchemi za maji ya moto kama vile Aix-les-Bains na Bourbonne-les-Bains, akapata nafuu ya muda kisha maumivu yakarejea. Madaktari walimshauri ahamie kusini mwa Ufaransa kwenye jua na joto. Mwaka 1907 alinunua shamba lenye mizeituni mikongwe huko Cagnes, karibu na bahari ya Mediterania, akajenga nyumba na kuhamia huko na familia yake. Hali ya hewa ilimfurahisha na kumpunguzia mateso ya baridi, lakini ugonjwa haukusimama. Vidole viliendelea kupinda chini ya jua kama vilivyokuwa vikipinda chini ya mawingu ya Paris.

Hapa ndugu zetu wa Oman watatuelewa vizuri zaidi kuliko mtu mwingine. Ni mara ngapi tumesikia mgonjwa akiambiwa akae kwenye joto, ajipake mafuta, afunge kiungo kwa kitambaa, na ugonjwa utaondoka wenyewe? Katika vijiji vya Oman, kama ilivyo sehemu nyingi za Bara Arabu, kumchoma mgonjwa kwa chuma cha moto pale panapouma lilikuwa jambo la kawaida, na wapo wazee walio na makovu hayo magotini na viunoni hadi leo. Maji ya uvuguvugu na kukandwa kwa mafuta vinaliwaza na havina ubaya. Lakini kuchomwa huacha kidonda kinachoweza kuingia vijidudu, na hakuna kati ya hayo yote kinachozuia kinga ya mwili kuendelea kukila kiungo. Jua la Cagnes halikumponya Renoir, na jua la Sur halitamponya mtu yeyote.

Pamoja na hayo, Renoir hakukaa akasubiri. Jambo la kwanza alilolifanya ni kuvitumikisha viungo vyake kila siku. Kila asubuhi, kabla ya kuanza kuchora, alikuwa akirusha na kudaka mipira midogo ya ngozi kwa muda wa kama dakika 10, ili vidole na vifundo vya mikono visikakamae. Aliposhindwa kuendelea na mipira, aligeukia mchezo wa kijiti chenye kijimpira kilichofungwa kwa uzi, ambacho hurushwa juu na kudakwa, na pia alikuwa akirusha kipande kidogo cha gogo lililolainishwa na kukidaka, mara kwa mkono huu, mara kwa mkono ule. Alicheza pia biliadi. Mtu mwingine angeyaona hayo kuwa ni michezo ya watoto, lakini yeye aliyachukulia kuwa ni sehemu ya kazi yake.

Tab'an, leo hii tunajua kwamba mzee huyo alikuwa amepatia. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika hospitali za umma za Uingereza kwa wagonjwa 490 wenye baridi yabisi ya mikono. Wale waliofundishwa mazoezi maalumu ya kunyoosha na kuimarisha mikono, na wakayaendeleza nyumbani, walikuwa na uwezo bora zaidi wa kutumia mikono yao baada ya mwaka mmoja kuliko wale waliopata huduma za kawaida tu. Mazoezi yenyewe si ya gharama. Ni kufungua kiganja na kukunja vidole polepole, kugusa ncha ya kila kidole kwa kidole gumba, kuzungusha kifundo cha mkono, kuinua mikono juu ya kichwa, na kubana kitu laini kama kitambaa kilichokunjwa. Kuloweka mikono katika maji ya uvuguvugu asubuhi hulainisha ukakamavu kabla ya kuanza. Wakati ambapo kiungo kimevimba na kina joto, hupumzishwa na kusogezwa taratibu bila ya uzito, na kitambaa chenye barafu hupunguza maumivu. Amma kwa magoti na miguu, kutembea jioni jua likipoa, au kuogelea kwa wale wanaokaa pwani, kunafaa zaidi kuliko kushinda kitandani.

Jambo la pili ambalo Renoir alilifanya ni kuibadilisha kazi ili imfuate yeye, badala ya yeye kuifuata kazi. Ilipofika mwaka 1912 hakuweza tena kutembea, akawa ni mtu wa kiti cha magurudumu. Alijengewa chumba cha kuchorea chenye vioo katikati ya bustani ili apate mwanga wa nje bila ya kusumbuka. Kwa vile bega lake halikuweza kunyanyuka, turubai ya kuchorea ilizungushwa kwenye magogo mawili mithili ya mkeka unaokunjwa, ikawa inasogezwa juu na chini ili sehemu anayoichora imfikie pale mkono wake ulipo. Viganja vyake vilifungwa vitambaa laini ili kucha za vidole vilivyokunjana zisiumize ngozi. Watu wengi huamini kwamba brashi ilifungwa mkononi mwake kwa kamba, lakini filamu fupi iliyopigwa mwaka 1915 inaonyesha jambo jingine. Ndani yake anaonekana mzee aliyekonda akiwa kitini, mwanawe mdogo Claude akiwa karibu naye na kumsaidia, na yeye mwenyewe akiishikilia brashi kati ya vidole vyake vilivyopinda na kuchora kwa haraka ya kustaajabisha.

Busara hiyo inafaa katika kila nyumba. Mpini mwembamba wa kisu au kijiko ukizungushiwa kitambaa ukawa mnene, vidole hubana kwa nguvu ndogo zaidi. Sufuria na birika la kahawa hubebwa kwa viganja viwili badala ya vidole vya mkono mmoja, na mfuko wa sokoni hutundikwa mkononi karibu na kiwiko. Yule ambaye magoti yake hayamruhusu kukaa chini kwenye mkeka pamoja na wenzake, si aibu kwake kukalia kiti. Fundi anaweza kuinua meza yake ya kazi na kugawa kazi ya siku nzima katika vipindi vifupi vyenye mapumziko. Watoto na wajukuu nao wajue kwamba kumsaidia mgonjwa si kumnyang'anya kila kitu mkononi. Claude alimsaidia baba yake, lakini hakumchorea.

Jambo la tatu, na huenda ndilo gumu kuliko yote, ni kuchagua. Mwanawe Jean, ambaye baadaye alikuwa mtengenezaji filamu mashuhuri, ameeleza katika kitabu alichokiandika kuhusu baba yake kwamba daktari mmoja alikuja kumtibu Renoir na kumwahidi kuwa atamtembeza tena. Baada ya wiki kadhaa za lishe ya kutia nguvu, daktari alimnyanyua kitini, na mbele ya familia iliyokuwa ikitazama kwa furaha, mzee alipiga hatua chache akazunguka turubai yake na kurejea. Kisha akakaa na kuwaambia kwamba anaacha. Kutembea kulikuwa kunamaliza nguvu zake zote, na hakubakishiwa chochote cha kuchorea. Hakusimama tena. Sisi hatusemi kwamba mgonjwa wa leo aache kutembea, kwani tiba ya leo imeondoa haja ya uamuzi mchungu kama huo kwa wengi. Tunachosema ni kwamba mgonjwa ana kiasi maalumu cha nguvu kila siku, na ni haki yake yeye mwenyewe kuamua kitangulie kipi.

Mwaka 1913 Renoir alianza kazi ambayo hakuna aliyeitarajia kutoka kwa mtu mwenye mikono kama yake, nayo ni uchongaji wa sanamu. Alishirikiana na kijana aliyeitwa Richard Guino, ambaye alifinyanga kwa mikono yake huku mzee akielekeza na kusahihisha. Inafaa kuashiria hapa kwamba mwaka 1973 mahakama ya juu ya Ufaransa ilithibitisha kuwa Guino ni mshirika katika kazi hizo. Miaka hiyo haikuwa ya raha. Wanawe wawili, Pierre na Jean, walijeruhiwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na mkewe Aline akafariki mwaka 1915. Hata hivyo, kati ya mwaka 1918 na 1919 Renoir alikamilisha mchoro mkubwa wa wanawake waogaji, ambao leo uko katika jumba la makumbusho la Orsay mjini Paris. Anayeutazama na kuona wingi wa rangi na furaha iliyomo hatadhani kuwa aliyeuchora alikuwa hawezi kujishikia kijiko sawasawa. Mwaka huo huo wa 1919 alibebwa kwenye kiti ndani ya jumba la makumbusho la Louvre, akaonyeshwa mchoro wake ukiwa umetundikwa humo. Miezi michache baadaye alifariki dunia huko Cagnes akiwa na umri wa miaka 78.

Wapenzi wasomaji, tumeona aliyoyafanya Renoir. Sasa tutazame alichokikosa. Mwaka 1948 madaktari wa Marekani walimdunga kwa mara ya kwanza mgonjwa wa baridi yabisi dawa ya kotisoni, na matokeo yake yaliishangaza dunia, ingawa baadaye ilibainika kuwa dawa hiyo ina madhara makubwa ikitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu. Mwaka 1988 Marekani iliidhinisha dawa ya methotreksati kwa ugonjwa huu, na hadi leo ndiyo dawa inayoanza kutumika kwa wagonjwa wengi. Kuanzia mwaka 1998 zikaja sindano mpya zinazozuia moja kwa moja vichochezi vya uvimbe. Dawa hizi hazitulizi maumivu tu, bali huishika mkono kinga ya mwili iliyokosea njia. Zikianzwa mapema, kabla mfupa haujaliwa, wagonjwa wengi huishi na viungo vilivyonyooka na kufanya kazi zao. Zikichelewa, huzuia madhara mapya, lakini kiungo kilichokwishapinda hazikinyooshi.

Kwa hiyo, neno lenye umuhimu zaidi hapa ni mapema. Iwapo vidole au vifundo vya mikono yote miwili, au vya miguu, vimevimba na kuuma, na asubuhi vinakakamaa kwa zaidi ya nusu saa, na hali hiyo imeendelea kwa wiki kadhaa, mtu asingoje kumaliza mafuta ya habasoda na ubani aliyopewa na jirani. Aende kituo cha afya na aombe apelekwe kwa mtaalamu wa viungo, kupitia hospitali zilizoko Nizwa, Ibra na Sur, na ikibidi Muscat. Walioko Afrika Mashariki waombe kupelekwa hospitali ya rufaa. Unga na vidonge visivyo na jina vinavyouzwa mitaani na kuondoa maumivu kwa siku moja ni vya kuogopwa, kwani baadhi ya dawa za namna hiyo zimekutwa na kemikali za jamii ya kotisoni zilizofichwa ndani yake.

Aliyekwishaanza methotreksati azingatie kwamba kwa ugonjwa huu hutumiwa mara moja tu kwa wiki. Kuimeza kila siku kwa makosa kunaweza kuua. Anatakiwa kupimwa damu mara kwa mara, na mwanamke mjamzito au anayetaka kushika mimba haruhusiwi kuitumia, bali amwambie daktari ili abadilishiwe. Anayekusudia kufunga Ramadhani azungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuingia ili wapange saa za dawa. Mvutaji sigara aache, kwani sigara huongeza hatari ya kupata ugonjwa huu na huufanya kuwa mkali zaidi. Fauka ya hayo, dawa haiondoi haja ya mazoezi, kama ambavyo mazoezi hayaondoi haja ya dawa.

Kama Renoir angezaliwa miaka 100 baadaye, huenda tusingekuwa na kisa cha kusimulia kuhusu mikono yake. Alikuwa na subira, familia iliyomsaidia na mipira yake ya ngozi kila asubuhi, lakini hakuwa na dawa. Fundi wa Nizwa na mama wa soko la Jumatano la Ibra wanaweza kuwa na vyote viwili, mradi wasiuache ugonjwa uwatangulie.